Kabla Ufike Mombasa: Makueni na Kitui, Likizo Yenye Umekuwa Ukiilalia Njiani

Unajua vile inakuwanga. Desemba ikikaribia, mtu mmoja anatupa neno "Mombasa" kwa grupu ya WhatsApp na kabla dakika tano ziishe mbogi yote imesema iko ndani. Mnachanga doo, mnapanda basi ya usiku, na mkishapita Athi River kila mtu amelala. Mnaamka Mariakani shingo zimekakamaa, na msee wa dirishani anauliza kama bahari imeanza kuonekana.

Hizo saa ulikuwa umelala ndizo tunataka kuongea juu yake. Kuanzia Salama hadi Mtito Andei ulikuwa unakata kaunti ya Makueni. Pale Kibwezi, barabara ya kushoto ingekupeleka mpaka Kitui. Kwa hizo kaunti mbili kuna chemchemi, mapango ya volkano, jiwe la kupanda mpaka magoti yalie, mito ya mchanga, ndovu, na mbuzi choma ambayo haijawekewa bei ya watalii. Na ukishuka hapo, doo yako inabaki kwa mama wa maembe na kijana wa boda badala ya kuisha yote kwa hoteli moja ya ufuoni.

Hatusemi usiende Coasto. Coasto ni Coasto, na hakuna mahali Ukambani utapata mawimbi. Tunasema tu kwamba kama umetoka Nai na siku tatu na mfuko wa kawaida, kuna form nyingine karibu zaidi. Hii hapa rada yote.

Kwani bahari huwa na nini?

Watu wa Ulaya wana ugonjwa kama wetu. Kiangazi kikifika, Wajerumani na Waingereza wanamwagika kwa fukwe za Mediterania: Benidorm huko Uhispania, Rimini huko Italia, Antalya huko Uturuki. Benidorm ilikuwa kijiji cha wavuvi mpaka miaka ya 1950, na leo ni msitu wa magorofa. Ukiangalia vizuri, kilichowavuta si maajabu ya dunia. Ni jua la uhakika, usafiri wa bei nafuu, msosi ambao hujaupika wewe, na wiki moja bila kusikia sauti ya bosi. Nao Waitalia wenye walichoka na fukwe zao walikuja wakatia nanga Malindi na Watamu, mpaka leo ukipita Malindi utapata muuza vinyago anaongea Kiitaliano safi kuliko Kiingereza chako cha ofisini.

Sasa hapo Malindi ndipo stori inarudi Ukambani. Mto Athi, ule unapita kati ya Makueni na Kitui, ukiungana na mto Tsavo unabadilisha jina unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Unaingia Bahari ya Hindi kaskazini tu mwa mji wa Malindi. Mvua ikinyesha huku juu, mto unabeba udongo na mchanga unaenda kuumwaga huko. Ndiyo maana kuna miezi maji ya Malindi yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na ndiyo maana ufuo wake umekuwa ukipanuka mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo ukijinyoosha kwa mchanga wa Malindi na miwani yako ya jua, kuna uwezekano mkubwa umelalia shamba la mtu wa Makueni.

Mabuyu pia. Zile za rangi nyekundu zinakuachia ulimi kama umekula rangi ya ukuta, zenye unanunua kando ya bahari ukidhani ni zao la Coasto? Mibuyu ni mingi kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei na huko Kitui kusini, na gunia kwa gunia za matunda yake huteremshwa Mombasa kupikwa na sukari. Wewe huenda ukanunua Mombasa kitu chenye kilipita dirisha lako usiku ukikoroma.

Unafikaje?

Njia tamu zaidi ni treni. Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017, na watu wengi wanajua ile ya moja kwa moja tu. Kuna ile ya kaunti, inayotoka Nairobi saa mbili asubuhi na kusimama vituo vya katikati, vikiwemo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Hivyo vitatu ndivyo milango yako ya Makueni. Nauli ya daraja la kawaida mpaka Mombasa ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Ukishuka Kibwezi unalipa chini ya hapo. Kata tiketi mapema, sana sana kama ni Desemba au wikendi ndefu, maana kufika stesheni na matumaini peke yake hakujawahi kumsaidia mtu.

Na ukiwa hapo Syokimau ukingoja kupanda, jua hilo jina ni la nabii wa kike wa Wakamba. Inasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari kuja bara, akipumua moto, kabla reli yoyote haijawekwa hapa. Sasa stesheni ya huyo nyoka iko kwa eneo lenye jina lake.

Kwa barabara, matatu za Wote, Emali, Makindu na Kibwezi zinatoka Nai siku nzima. Kitui mjini unaenda kupitia Machakos, ama unashika barabara ya Thika kwenda Garissa na kukunja kabla ya Mwingi. Ni kama saa tatu hivi, kutegemea dere na foleni ya kutoka tao.

Lakini kitu kimebadilisha mchezo ni lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui. Zamani hiyo ilikuwa njia ya vumbi na maombi. Siku hizi unatoka Kibwezi, unavuka Athi, unapita Ikutha na Mutomo, unaingia Kitui mjini bila kurudi Nairobi. Yaani hizo kaunti mbili sasa ni mzunguko mmoja: unaingia kwa mlango wa Makueni, unatokea kwa mlango wa Kitui. Tukisema hii ndiyo likizo yenyewe, si kutia chumvi.

Kando ya Mombasa Road

Miji ya hapa iliishi kwa vitu viwili: reli ya zamani, halafu magari yanayosimama. SGR ilipoanza kubeba makontena, malori yakapungua, na mahoteli ya Mtito Andei yaliyokuwa hayazimi taa usiku yakaanza kuhesabu wateja. Kijana wa huko anayeuza njugu na maji kwa dirisha la basi hategemei serikali sana, anategemea wewe uteremke. Hilo liweke akilini ukipanga bajeti.

Anza na majina, yana raha yake. Sultan Hamud inabeba jina la Hamud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ikijengwa. Mtito Andei kwa Kikamba inahusu msitu na ndei, yaani tai wale wanaokula mizoga. Ukifika hapo uko karibu nusu ya njia ya Mombasa, na tai bado wapo.

Kiboko ina stori nzito kidogo. Pale ndipo alipotulia mwindaji wa kizungu anaitwa J.A. Hunter. Kati ya 1944 na 1946, akifanya kazi ya idara ya wanyama ya serikali ya kikoloni, aliua vifaru karibu elfu moja kwa eneo la Makueni ili kufungua ardhi ya kuwahamishia Wakamba ambao maeneo yao yalikuwa yamejaa. Elfu moja. Leo ukitaka kuona kifaru karibu na huku, itabidi uingie Tsavo Magharibi hadi kwa hifadhi ya Ngulia, ambako wanalindwa kwa ua na walinzi wenye bunduki. Pita Kiboko ukijua hivyo, halafu uone kama utaangalia ule msitu wa migunga kwa macho yale yale.

Makindu ni lazima usimame. Gurdwara ya Masingasinga iko hapo kando ya barabara tangu 1926, ilianzishwa na wafanyakazi wa reli, na mpaka leo inampa msosi msafiri yeyote bila kumuuliza dini, kabila ama ana doo ngapi. Chapati, dengu, wali, chai ya tangawizi. Wana hata vyumba vya kulala. Hakuna bei, kuna sanduku la mchango, na ukiwa na adabu utaliona. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa (wanacho hapo), hauingii na pombe, sigara wala nyama, na unakula ulichoomba mpaka kiishe. Sahani ikibaki na chakula utatazamwa vibaya, na itakuwa haki yako. Kuna wasee wamefanya hii kuwa hoteli ya bure kila safari. Usiwe huyo. Tia kitu kwa sanduku.

Kibwezi ndipo penye maji, na hapa tutakaa kidogo. Ukiangalia upande wa kulia ukienda Mombasa utaona milima ya kijani imepangwa kama mgongo wa mamba. Hiyo ni Chyulu, milima ya volkano ambayo kwa lugha ya mawe ni watoto wachanga: baadhi ya lava yake ilimwagika karibu na katikati ya karne ya 19, na wenyeji wakaiita ile ya upande wa Tsavo "Shetani". Kilele kinafika mita 2,188. Ajabu yake ni kwamba hakuna mto hata mmoja juu. Mvua ikinyesha, mwamba wa volkano unainywa yote kama sifongo, maji yanatembea chini kwa chini, kisha yanatokea mbali huko chini yakiwa safi kama kioo. Yanatokea Umani, kwa msitu wa Kibwezi. Yanatokea pia Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako kuna viboko na mamba, na ambako bomba linayabeba mpaka Mombasa. Kwa hivyo ile shawa unaoga Nyali ukitoa chumvi ya bahari, sehemu ya hayo maji ilinyesha juu ya Chyulu.

Msitu wa Umani ndio pia makao ya ndovu mayatima wa shirika la Sheldrick, lililofungua kituo hapo 2014 kwa wale wenye majeraha wanaohitaji mahali pa upole. Nyumba ya wageni iliyo ndani si ya bajeti ya mbogi, tuseme ukweli. Lakini Chyulu yenyewe ni mbuga ya taifa tangu 1983, na KWS wana ofisi karibu na Kibwezi. Raia wa Kenya analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa eCitizen, kwa hivyo beba kitambulisho. Juu kuna nyasi, ukungu wa asubuhi, na Kilimanjaro ikiamua kujitokeza. Chini kuna pango la Leviathan, mfereji ulioachwa na lava, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 na kati ya mirefu zaidi ya aina yake duniani. Usiingie humo bila mwenyeji anayelijua. Tochi ya simu si vifaa.

Barabara za Chyulu zinataka gari ya nguvu. Mkiwa sita mkachanga kukodi moja na dere wake, inaumiza kidogo kuliko vile mnafikiria.

Vilima: ukitaka baridi

Watu wanadhani Ukambani yote ni jua na vumbi. Panda Kilungu ama Mbooni mwezi wa Julai bila sweta, halafu uturudie. Huko juu kuna ukungu, matuta yamepangwa kwa mteremko kama ngazi, barabara inajikunja mpaka tumbo linakuuliza maswali. Kwa kupiga picha za alfajiri hakuna mahali Makueni panafikia Kilungu.

Nzaui ndio mlima wa heshima. Masimulizi ya asili ya Wakamba yanasema watu wa kwanza walishushwa na Mulungu pale, na kuna alama kwa mwamba zinazosemwa ni nyayo zao. Ni mwendo wa kupanda kwa miguu. Tafuta kijana wa eneo akuonyeshe njia, umlipe vizuri. Na usianze kuchora jina la dem wako kwa mwamba. Huo ni kama ukuta wa kanisa.

Kitui: jiwe, mlima na mzee wa simba

Ukivuka Athi uko Kitui. Kaunti ni kubwa na wazi, mtu anaishi mbali na jirani, na usiku nyota ni nyingi mpaka zinachosha. Mji wa Kitui umechangamka kuliko vile watu wa Nai hudhani; sherehe za kitaifa za Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2025, zilifanyika hapo Ithookwe.

Kitu kila mtu anajua ni jiwe la Nzambani. Liko kilomita chache tu kutoka mjini, limesimama peke yake kama mtu aliyesusia mkutano. Sehemu ya mwisho unapanda kwa ngazi za chuma, na huko juu upepo unakupiga huku Kitui yote imelala chini yako. Stori yake umeisikia: ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. Kila mbogi huwa na yule msee anazunguka mara sita halafu anasimama na kucheka kwa sauti ya kuogopa. Muulize tu kama amechoka.

Lakini tukiulizwa, utamu wa Kitui uko kwa historia yenye haijawekewa kibao kikubwa. Karne ya 19 Wakamba ndio walikuwa wanatembeza misafara ya pembe za ndovu mpaka pwani. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa Kitui ambaye Mombasa walimjua vizuri. Alikutana na mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa mgeni wake Kitui, akaona kilele chenye theluji kwa mbali. Wakamba waliuita huo mlima Kĩĩnyaa. Hiyo ndiyo njia ambayo jina la nchi yako lilipita. Kwa hivyo safari za Ukambani na Mombasa zilianza zamani sana, kwa miguu, wiki kadhaa, na hakukuwa na mtu amelala dirishani.

Ukitoka asubuhi bila mawingu, uliza wenyeji ni kilima gani kinaonyesha Mlima Kenya. Watakuonyesha, na kila mmoja atakuambia chake ndicho cha Krapf.

Kaskazini, kupita Mwingi na Kyuso, kuna hifadhi ya Mwingi, kilomita 745 za mraba zinazogusa mto Tana, na ng'ambo ni Kora, ambako George Adamson aliishi na simba wake mpaka alipouawa na majangili tarehe 20 Agosti 1989. Hii si safari ya matatu na begi la mgongoni. Ni mbali, joto ni kali, na lazima uongee na KWS kwanza kuhusu barabara na usalama. Iweke kwa orodha ya siku ukiomoka.

Mito ya mchanga, na ile siku ya Enziu

Sasa, ufuo. Ukambani ina mchanga mwingi kuliko fukwe nyingi, tofauti ni kwamba uko kwa mito. Miezi mingi ya mwaka mito kama Tiva, Kaiti na Thwake ni barabara pana za mchanga, hakuna tone juu. Maji yako chini. Wenyeji wanachimba kisima kidogo kwa mikono na yanatokea, yamechujwa. Ndiyo maana hizi kaunti mbili zinajulikana duniani kwa mabwawa ya mchanga: unajenga ukuta mfupi kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ambapo jua haliwezi kuyanywa. Hakuna mashine. Vikundi vya kina mama vimebeba mawe hayo kwa mgongo.

Jioni jua likishuka, huo mchanga unapoa, watoto wanacheza kandanda, ng'ombe wanapita. Tandika leso, kaa. Ni ufuo bila mtu wa kukuuzia safari ya mashua.

Ila jua kitu unakalia. Huo mchanga ndio umejenga Nairobi, pengine na keja yenye unalipia kodi huko Roysambu. Malori yaliubeba usiku kwa miaka, mito ikabaki mwamba mtupu, visima vikakauka, na watu wakapigana mpaka kuuana. Makueni ikatunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka wa 2015. Kwa hivyo mwenyeji akikuuliza unafanya nini kwa mto, hakuonei. Mjibu kwa heshima.

Na hapa tuongee kiukweli. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu wakienda harusi, wengi wao wanakwaya, lilijaribu kuvuka mto Enziu huko Mwingi ukiwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa, watu wakiangalia kutoka ukingoni. Mto wa mchanga hudanganya. Unaweza kuwa mkavu hapo ulipo, jua linawaka, lakini imenyesha kilomita nyingi juu na maji yako njiani. Ukisikia mngurumo, toka. Dere akisema "tutapita tu" na maji yamefunika daraja, teremka, hata kama umelipa, hata kama utachekwa. Na usipige kambi ndani ya mto Novemba na Desemba, hata kama picha zitatoka noma.

Pale Athi inapokutana na Thwake, serikali imekuwa ikijenga bwawa la Thwake tangu 2018, la kushika maji ya mita za ujazo milioni 688. Likijaa, Makueni na Kitui zitakuwa na ziwa. Hapo stori ya ufuo itabidi tuiandike upya.

Msosi na ngoma

Muthokoi ndio mfalme: mahindi yaliyotolewa maganda, yamepikwa na maharagwe mpaka yamelainika. Kama umewahi kula ya hoteli ya tao ukasema ni kawaida, hujala. Tafuta ya susu fulani, yenye imelala jikoni na ikakaangwa asubuhi na kitunguu. Isyo ni binamu yake, githeri kwa lugha ya hapa. Mbuzi choma iko kila mahali na ni mbuzi wa kweli, aliyetembea. Asali ya Mwingi ina jina kubwa. Nunua kwa chama cha wafugaji ama kwa mtu umeelekezwa, maana zile chupa za barabarani zingine ni sukari iliyoenda shule. Kaluvu, pombe ya asali, utakaribishwa kwa sherehe ya mtu. Kunywa ya kuonja. Inakuja polepole kama deni.

Maembe: kuanzia Desemba mpaka karibu Machi, Makueni inanukia maembe. Kaunti ilifungua kiwanda chake cha matunda Kalamba mwaka wa 2017, ili mkulima asiuzie madalali kwa bei ya kutupa. Nunua kando ya barabara, beba kreti nzima nyumbani. Kiondo cha kubebea pia utakipata, cha mkonge, kilichosukwa na mama akitembea. Bei anayotaja ni ya kazi ya siku nyingi. Punguziwa soo moja, cheka, lipa.

Usiku ni benga. Ya Kikamba, gita likikimbia kama limeachwa na matatu, mwimbaji akitaja majina ya mafans wake mmoja mmoja. Majina kama Ken wa Maria na Maima yakitajwa kwa bango la klabu, fika mapema. Hauhitaji kujua lugha, mguu utajua. Na ile mambo ya kuulizana kama umelishwa kamuti kwa sababu umekataa kurudi Nai Jumapili, achana nayo. Umeshiba muthokoi, ndio hiyo tu.

Lini, na mambo madogo madogo

Juni hadi Septemba ni kavu, vilima baridi, mito salama: huo ndio wakati bora kwa mzunguko mzima. Januari na Februari ni joto kali lakini maembe. Novemba na Desemba kila kitu ni kijani na kizuri kupita kiasi, ila barabara za ndani zinateleza na tumeshaongea kuhusu mito.

Maji ni dhahabu. Mwenyeji akikupa ndoo ya kuoga, huenda imetoka kilomita kadhaa kwa mgongo wa punda. Oga kama mtu anayejua hivyo.

Ukiuliza njia, salamu kwanza. "Wĩ mũseo?" inafungua mlango, na ukisaidiwa, "nĩ mũvea". Wazee usiwaitie "buda". Kwa mashamba ya karibu na Tsavo, ndovu hutoka usiku, kwa hivyo baada ya giza usizurure hata kama mwezi unawaka.

Siku tatu zinatosha hivi: treni ya asubuhi mpaka Kibwezi, lala hapo, Chyulu kesho yake. Jioni ama alfajiri ya siku ya tatu, shika gari ya Mutomo mpaka Kitui, panda Nzambani kabla jua halijawa kali, kula, kisha matatu ya Nai kupitia Machakos. Ukiona heri kurudi Kibwezi upande treni, kumbuka ile ya kaunti inayotoka Mombasa nayo huondoka asubuhi, kwa hivyo ukifika stesheni jioni utapata askari na paka.